Mwalimu katika Kumbukumbu za Wazee
Miongoni mwa wazee wa Tanzania, Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, aghalabu huitwa Mwalimu tu. Heshima hiyo haikufuta machungu. Neno "operesheni" kwao si la hospitali: ni kule kuhamishiwa vijijini hadi mwaka 1976, mashamba na makaburi ya wazazi yakiachwa nyuma. "Kufunga mkanda" nako ni ile miezi 18 iliyoombwa baada ya vita vya Kagera. Ikapita, foleni za sabuni na sukari zikabaki. Wengi huwalaumu watendaji, wakamwacha yeye. Hukumu hiyo mwanahistoria haipokei nzima, kwani agizo la Novemba 1973 lilikuwa lake. Lakini aliyejifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya jioni ya miaka ya 1970, hulitamka neno Mwalimu kwa maana yake ya asili.