Mama hakukataa chanjo, alirudishwa

Tukisikia mtoto hajachanjwa, haraka tunasema mama yake amekataa. Wanaokataa wapo. Habari za chapa ya mnyama na za kuharibu kizazi zimepita hata ndani ya makanisa yetu, na sisi wachungaji tunapaswa kuzikanusha waziwazi. Lakini wamama wengi hawakukataa. Walifika, wakarudishwa.

Tuanze na chupa yenyewe. Chanjo ya surua inaanza mtoto akiwa na miezi 9, na kwa kawaida chupa moja ina dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake, inayobaki baada ya saa 6 inatupwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini muuguzi anayepata chupa chache, akiona watoto watatu tu, anaogopa kupoteza dozi saba. Anamwambia mama arudi siku nyingine. Mama ameacha shamba, ametembea saa nyingi, amepita bariera ya wenye silaha. Hiyo siku nyingine haifiki.

Hasara yake tumeiona. Tangu mwanzo wa 2019 hadi mwanzo wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Hao ni wengi kuliko waliouawa na Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ambayo sote tuliiogopa.

Vita nayo inaongeza. Chanjo zinatunzwa kati ya digrii 2 na 8. Friji ikiporwa, kituo kinabaki bila kitu. Watu wakikimbia, kadi zinapotea, na mama anaona haya kufika mikono mitupu. Aende tu. Mtoto aliyekosa dozi haanzi upya, anaendelea pale alipoachia.

Mjamzito pia asisahauliwe. Pepopunda humwingia mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, na anayejifungulia njiani hachagui wembe. Chanjo ya mama inawalinda wote wawili.

Kanisa linajua watoto wake kwa majina. Mchungaji akipatana na muuguzi juu ya siku, kisha akatangaza Jumapili, watoto kumi watafika pamoja na chupa itafunguliwa.