Chipu ya Kompyuta Kwenye Gari la Baba Mdogo

Ukilitamka jina la Ijuganyondo, sikio la Mswahili husikia nyundo. Nililiwaza hilo Desemba iliyopita nikiwa likizo nyumbani Bukoba, nimekaa kwenye benchi la gereji moja ya Ijuganyondo, nasubiri Honda Civic ya baba mdogo ifufuke. Gari ni la mwaka 1993, lililoingia nchini likiwa limeshatumika Japani. Mafundi wawili walishatoa hukumu: kontroli boksi imekufa, tafuteni nyingine. Bei waliyoitaja ingemfanya mtu auze kahawa butura, yaani ingali maua.

Fundi wa tatu, mzee wa makamo, alifungua boksi, akagusa chipu moja yenye miguu 28.

"Tatizo ni huyu tu, waitu," akamwambia baba mdogo. "Wengine wote wazima."

Kisha akatoa kabatini madabodi ya kompyuta ya zamani, zile za 486, akachomoa chipu inayofanana nayo. Mimi nilicheka. Kompyuta na gari wapi na wapi? Basi bwana, nilicheka kwa sababu historia sikuijua.

Historia yenyewe ni hii. Mwaka 1971, Dov Frohman wa kampuni ya Intel alileta chipu ya kumbukumbu inayoandikwa kwa umeme na kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ya kwanza, iliyoitwa 1702, ilibeba baiti 256 tu, hazitoshi hata aya hii. Mgongoni ilikuwa na kidirisha cha kioo cha kupitishia mwanga. Miaka hiyohiyo Marekani ilikuwa imebana sheria za moshi wa magari, na kabureta peke yake haikuweza kuzitimiza. Watengenezaji wakaingiza kompyuta kwenye injini. Mwaka 1979 Bosch walitoa mfumo wa Motronic kwenye BMW, na mwaka 1981 General Motors wakaweka kompyuta karibu kwenye magari yao yote ya petroli. Nazo zilihitaji mahali pa kuhifadhi jedwali la kiasi cha mafuta na wakati wa kuwasha cheche. Wakatumia kumbukumbu za jamii ileile iliyowekwa kwenye kompyuta za mezani. Kwa hiyo mzee hakuoanisha vitu vigeni. Alikutanisha ndugu.

Lakini msidhani ni kuchomoa hapa na kuchomeka pale. Chipu ya gari la baba mdogo ilikuwa aina ya 27C256, yenye kilobaiti 32. Ile ya kompyuta ilikuwa 27C512, yenye mara mbili yake. Umbo ni lilelile, ila mguu wa kwanza una kazi tofauti. Kwenye boksi la Honda mguu huo umefungwa kwenye volti 5, hivyo chipu kubwa itasomwa nusu ya juu tu. Ukiandika programu nusu ya chini, gari haliwaki. Mzee aliandika nusu zote mbili, yakaisha.

Kabla ya hapo aliifuta kwa taa ya kuulia vijidudu aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kusafishia maji. Taa hiyo ilikuwa ndani ya boksi la bati, maana ni hatari kwa macho. Dakika 20 zikatosha. Akiisha kuandika, akaziba kidirisha kwa karatasi ya gundi. Jua kali la wiki moja tu linaweza kuifuta chipu iliyoachwa wazi.

Nikauliza kuhusu joto. Chipu za kompyuta hupimwa kuvumilia nyuzi 70, za magari hadi 125. Akajibu kwamba kwenye Civic hiyo boksi linakaa ndani, karibu na miguu ya abiria, si kwenye injini. "Ingekuwa kule mbele, mwanangu, nisingethubutu."

Anayejua mpaka wa ujanja wake ndiye fundi. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Marekani iliripoti kwamba chipu kuukuu kutoka taka za elektroniki za China zilisafishwa, zikauzwa kama mpya, na kuingia hadi kwenye zana za kijeshi. Chipu kuukuu haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuficha. Na mwaka 2022, dunia ilipopungukiwa chipu, mkuu wa ASML ya Uholanzi wakati huo, Peter Wennink, alisema kampuni kubwa moja ilikuwa inanunua mashine za kufulia ili ichomoe chipu zake. Kumbe hata wakubwa huchokora!

Sasa swali lililoninyima usingizi: programu yenyewe mzee aliitoa wapi? Aliinakili zamani kutoka kwenye boksi zima la gari kama hilo. Chipu ni kibuyu tu. Bila nakala iliyochukuliwa kabla mwenye nayo hajafa, kibuyu ni kitupu.

Wahaya tunalijua hilo. Si mbali na hapo, Katuruka, Peter Schmidt alichimbua mabaki ya uyeyushaji chuma ya takriban miaka 2,000. Mwaka 1976 aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wafanye tena. Majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalishaua kazi hiyo miaka mingi. Wazee walijaribu, wakakosea, wakarekebisha, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, hadi chuma kikapatikana. Mabaki waliyageuza vifaa, kama mzee wetu wa gereji. Lakini wao walikuwa nakala za mwisho. Wangechelewa miaka michache, tungebaki na mashimo ardhini.

Civic iliwaka saa kumi na moja jioni. Nikamuuliza mzee nani anajifunza kwake. Akafuta mikono, akasema kijana wake wa mwisho aliondoka kwenda kuendesha bodaboda.

Likizo yangu iliyobaki niliimalizia kwenye benchi lile, na daftari mkononi. Nimejaza kurasa 14, na bado hajafika kwenye Toyota. Mtaani kwako yupo mzee kama huyu. Umemuuliza nini?

Tafakari.