Mtoto Njiani katika Nchi ya Buha

Nchi ya Buha, ambayo leo sehemu yake kubwa imegawanyika katika wilaya za Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe mkoani Kigoma, Tanzania, ni nchi ya vilima na mabonde yenye mito, yenye baridi ya alfajiri na mvua isiyo haba. Na tangu zama za wafalme wake, Mwami wa Heru na Mwami wa Muhambwe, watu wake, pamoja na kusifika kwa kilimo na ufugaji, wamekuwa watu wa safari. Walikwenda Uvinza kutafuta chumvi, wakashuka Ujiji sokoni, na baadaye wakafika Tanga na Morogoro kwa ajili ya kazi. Safari za watu wazima zimepata waandishi wa kuzieleza, lakini habari ya namna alivyochukuliwa katika njia hizo mtoto mchanga, ambaye ndiye amana kubwa kuliko zote alizokabidhiwa msafiri, haikupata nafasi yake. Nayo, ikitazamwa kwa makini, ina ilimu inayotufaa leo kuliko ilivyotufaa jana.

Hapo kale, Waha, wenyeji wa Buha, walipovaa ngozi na nguo za magome ya miti, mtoto alifungwa mgongoni mwa mamaye kwa ngozi iliyolainishwa. Nguo za pamba zilipozidi kuingia kwa njia ya Ujiji, na kwa hongo waliyotozwa wapitao, kama alivyotozwa msafiri Henry Stanley doti nyingi za nguo alipopita Buha mwaka 1871, mbeleko ya kitambaa ikachukua mahali pa ngozi, na baada yake kanga na kitenge. Lakini kanuni ilibaki ile ile: mtoto hushikamana na mwili unaomchukua, nguo hukazwa mpaka isiachie, wala hapana kitu kinene kinachowekwa kati ya mgongo wa mama na kifua cha mtoto. Wakati wa baridi mama alijitanda nguo ya pili juu ya mbeleko iliyokwisha kukazwa, akawafunika wote wawili. Hifadhi hiyo ilitosha, kwa kuwa mwendo ulikuwa mwendo wa miguu.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, na hasa baada ya wakulima wa mkonge kuanzisha ofisi yao ya kuandika vibarua, SILABU, mwaka 1944, vyombo vya moto vilianza kuwachukua watu wa Kasulu na Kibondo kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mbali, baadhi yao pamoja na wake na watoto. Mwaka 1972, katika operesheni ya kuwakusanya watu vijijini mkoani Kigoma, jamaa nyingi zilihamishwa na vyombo vyao. Na mwaka 1993, na tena mwaka 2015, akina mama waliovuka mpaka kutoka Burundi kwa miguu, watoto wakiwa mgongoni, walipakiwa katika mabasi na malori kupelekwa makambini. Katika safari zote hizo mama alifanya aliloweza: alimtoa mtoto mgongoni akampakata mapajani, kwa sababu huwezi kuegemea kiti na mtoto yuko nyuma yako. Hivyo mtoto alisafiri bila kufungwa, akashikwa kwa mikono mitupu. Barabara, kwa mashimo yake na tope lake, ilizuia mwendo, na mwendo wa polepole ukasitiri hatari hiyo kwa miaka mingi.

Stara hiyo sasa inaondoka. Lami tuliyoingoja kwa dahari, ya njia kuu itokayo Nyakanazi kupita Kakonko, Kibondo na Kasulu, imeleta neema ambayo hapana mwenye insafu atakayeikana. Lakini mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya kishindo huzidi mara nne. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huvuta mikono inayomshika kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 100, na hapana mzazi, hata angekuwa shujaa wa namna gani, awezaye kuizuia.

Mataifa yaliyotangulia kupata magari ya kasi yalitangulia pia kupata msiba huu. Viti vya watoto vya miaka ya 1930 vilikusudiwa kumwinua mtoto aone nje, si kumlinda. Mwaka 1959 Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo alibuni mkanda unaoshika mahali patatu. Mwaka 1964 Bertil Aldman, tabibu wa Sweden, alionyesha kiti cha mtoto kinachoelekea nyuma, ili mgongo wote upokee kishindo badala ya shingo. Na mwaka 1978 jimbo la Tennessee likawa la kwanza nchini Marekani kulazimisha viti hivyo kwa sheria. Serikali nazo ziliweka vipimo, na kila aina ya kiti ikawa haina ruhusa ya kuuzwa mpaka mfano wake ugongeshwe katika majaribio ukiwa kamili kama ulivyotoka kwa fundi wake, na mikanda yake na mito yake, bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa usia wangu kwa wazazi wa Kasulu na Kibondo, ambao wengi wao hupata viti hivi vya mitumba, aghalabu bila karatasi ya maelezo. Madukani kuna vikorokoro vingi visivyotoka kwa mtengenezaji wa kiti: mito ya kichwa, vitambaa vinene vya kufunika mikanda, magodoro ya kutandikwa chini ya kiti, vibanio vya kukaza mkanda. Havikujaribiwa pamoja na kiti hicho. Kilicho kinene hubonyea wakati wa kishindo, na mkanda uliodhaniwa umekazwa huwa umelegea ghafla; kibanio kigeni huweza kuukata mkanda au kuuzuia usifanye kazi yake. Hata sweta nzito la asubuhi ya Kibondo lina madhara hayo hayo: mvue mtoto sweta hilo, mfunge kwanza, kisha mfunike blanketi juu ya mikanda.

Kiti kikae nyuma ya gari. Mtoto mchanga aelekezwe nyuma maadamu kiti chake kinamruhusu kwa uzito na kimo, wala asiwekwe kamwe akielekea nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mkanda wa gari upitishwe katika njia iliyoonyeshwa na mtengenezaji, ukandamize kiti kwa goti au mkono huku ukiuvuta. Kisha ukishike kiti mahali mkanda unapopita, na kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Mikanda ya mtoto ikazwe hata vidole visiweze kuibana ikafanya mkunjo begani. Kiti kilichowahi kuwamo katika ajali kubwa, kilichopasuka, au kisichojulikana kilikotoka, kisitumiwe.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 ilitungwa bila kumwekea mtoto sharti la kiti chake, na deni hilo liliwaangukia wenye kutunga sheria. Lakini wazazi wasingoje. Bibi zetu hawakuamriwa na serikali kuikaza mbeleko. Waliikaza kwa sababu walijua thamani ya waliyembeba. Basi, ewe mzazi, kifunge kiti kama mtengenezaji alivyoagiza, kikaze barabara, na usiongeze kitu.