Njahi, Ripoti ya Wazungu na Kopo la Unga

Gunia la njahi, aina ya maharagwe, huwa nimeliweka mbele kabisa kwenye kibanda changu hapa soko la Karatina. Maharagwe ya rosikoko na mwitemania hukaa nyuma, maana hizo zinajiuza. Njahi ni ghali, na anayeijua huja akiiulizia: mara nyingi ni shosho, yaani nyanya, ambaye mkaza mwanawe amejifungua. Itachemshwa, maji ya kwanza yenye uchungu yamwagwe, kisha ipondwe na ndizi mbivu, mzazi ale apate nguvu na maziwa. Wazee wetu waliuita hata mlima ule wa Kilimambogo Kĩa Njahĩ.

Lakini chakula chetu hakikuheshimiwa na wote: mwaka 1931 ilitoka ripoti iliyotulinganisha sisi Wakikuyu na Wamaasai. Waandishi walikuwa John Boyd Orr, Mskoti aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na John Gilks, daktari wa serikali ya koloni. Walipima watu na kuandika kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi Mkikuyu inchi 5 kwa kimo na ratili 23 kwa uzito, na mkono wake ulikuwa na nguvu mara moja na nusu. Mmaasai alikunywa maziwa na damu, akala nyama. Sisi tulikula mahindi, mtama, viazi vitamu na maharagwe. Haki yao niwape: waliona kwamba wanawake wetu walikula mboga za majani ambazo wanaume walizidharau. Hilo halikushika vichwani. Kilichoshika ni kwamba mla nafaka ni mnyonge. Na miaka hiyohiyo serikali ilihimiza maharagwe ya kuuza ng'ambo, kama Canadian Wonder, njahi ikasukumwa pembeni ya shamba.

Vijana wa jimu wa leo wamerithi fikra hiyo bila kujua. "Shosho, nafaka haijengi misuli," mmoja aliniambia, kopo la unga wa asidi amino likiwa kwapani. Baada ya siku chache alikuwa akilalamika kichefuchefu, tumbo kujaa gesi na kuhara. Hayo ndiyo madogo. Asidi hizi hupita mwilini kwa milango ya pamoja, kama abiria wa matatu saa ya jioni: ukijaza aina moja, nyingine zinabaki stejini. Mwenye figo mbovu huongezewa mzigo, na atumiaye dawa za mfadhaiko hapaswi kugusa triptofani, mojawapo ya asidi hizo, bila daktari.

Triptofani hiyo ina historia yake. Mwaka 1989 Wamarekani walioimeza, wengi wakitafuta usingizi, walishikwa na maumivu makali ya misuli. Wagonjwa walizidi 1,500, na waliokufa walizidi 30. Uchunguzi ulifika kwenye bidhaa ya kiwanda kimoja cha Japani, Showa Denko, na takataka zilizokutwa ndani yake. Arginini, asidi amino nyingine, nayo ilijaribiwa Marekani kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo. Jaribio likasimamishwa baada ya wagonjwa 6 waliopewa kufariki, ilhali upande wa dawa bandia hakufa hata mmoja.

Githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, haina lebo kama kopo, lakini asidi amino ya lisini inayopungua kwenye mahindi imo tele kwenye maharagwe, na methionini inayopungua kwenye maharagwe imo kwenye mahindi. Wapishi wa Mathira, hapa kwetu, walichanganya sufuria hiyo kabla maabara haijazitaja asidi hizo.

Njahi nayo si malaika. Ikiliwa haijaiva inasumbua tumbo, kwani ina sumu kidogo. Kila anayenunua gorogoro kwangu namwambia: loweka usiku kucha, chemsha, mwaga maji, weka mengine.