Quirimbas: hifadhi yenye vijiji ndani yake

Leo tunarudi pwani ya Cabo Delgado. Mwaka 2002 serikali ya Msumbiji ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas: visiwa 11, mikoko, na misitu ya bara yenye tembo. Baharini wamo kasa na nguva, ambao sasa ni adimu. Vijiji vya wavuvi na wakulima viliachwa humohumo. Mwaka 2018 UNESCO nayo iliitambua.

Lakini vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, kisha kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, viliwang'oa watu wengi. Kama nawe umetoka huko, wafundishe wanao majina ya miti ya kwenu, na fukwe wanakotaga kasa. Wakirudi, watajua cha kulinda.