Kiswahili katika Majivu ya Watts

Tarehe 6 Agosti 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kulinda haki ya Wamarekani Weusi kupiga kura. Siku tano baadaye, mtaa wa Watts jijini Los Angeles ukawaka moto. Polisi walikuwa wamemsimamisha dereva kijana Mweusi. Purukushani ikazuka, umati ukafurika, ghasia zikadumu siku sita. Watu 34 walikufa.

Sheria ya kura haikuwa imegusa ukosefu wa kazi, nyumba mbovu wala virungu vya polisi.

Baada ya hapo vijana wengi walichoka kuomba kukubaliwa, wakaanza kujitafuta. Mwaka 1966 Maulana Karenga, mwanaharakati aliyejifunza Kiswahili, alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ya kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari. Jina alilitoa kwenye "matunda ya kwanza", akaongeza "a" moja ili herufi zitimie saba. Kila siku ina nguzo yake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani.

Mswahili wa Dar es Salaam angeshangaa kidogo. Katika Kwanzaa, anayeulizwa "Habari gani?" hajibu "nzuri", hutaja nguzo ya siku. Tena mababu wa Wamarekani Weusi wengi walitoka Afrika Magharibi, kusikosemwa Kiswahili. Lugha hii ilipendwa kwa kuwa haikuwa mali ya kabila moja. Neno ujamaa nalo Nyerere, kiongozi wa Tanganyika, alikuwa ameshaliandikia kijitabu mwaka 1962.

Mwaka 1997, posta ya Marekani ilitoa stempu ya Kwanzaa.