Mshabaha wa Zana

Jirani yangu, akichimba msingi wa nyumba, aliokota jiwe lenye ncha na makali upande mmoja, akaniletea amelishika kama yai. "Mwalimu, hili si shoka la watu wa kale?" Nililigeuza mara mbili tatu, nikaona kwamba kama jibu ni ndiyo, neno ninalo: zana. Kama jibu ni hapana, sina.

Wanaakiolojia wanalo. Mwaka 1973 Vance Haynes, akiyajadili mawe ya Calico huko California ambayo Louis Leakey aliamini yalichongwa na binadamu, aliuliza kama ni zana au ni jiofakti, yaani mawe yaliyovunjwa na maumbile yakafanana na kazi ya mkono. Tukilichukua neno hilo lilivyo, msomaji haambulii kitu. "Zana bandia" ni baya zaidi: bandia huwa na mtu nyuma yake anayetaka kudanganya, na mto haumdanganyi mtu. Mimi nachagua mshabaha. Watu wawili huweza kushabihiana na wasiwe ndugu.

Mishabaha imewahi kuzaa "utamaduni" mzima. Uganda, mwanajiolojia E. J. Wayland alikuta mawe ya mtoni yaliyopasuka kidogo kwenye bonde la Kafu, akayahesabu kuwa zana kongwe, na "utamaduni" huo, Kafuan, ukaingia vitabuni. Mwaka 1958 Desmond Clark alionyesha kwamba kwenye korongo la Batoka, chini ya maporomoko ya Victoria, mawe hupasuka vivyo hivyo bila mkono wa mtu. Mwaka uliofuata W. W. Bishop akayarudia mawe ya Kafu yenyewe, na Kafuan ikaondoka vitabuni.

Ili kutenganisha zana na mshabaha, kinachotazamwa kwanza ni nundu ya pigo. Anayebanja jiwe hulipiga karibu na ukingo; kibanzi kinachobanduka huwa na uvimbe chini kidogo ya mahali palipopigwa, na jiwe mama hubaki na kishimo chake. Jiwe lililopasuliwa na baridi halina nundu hiyo. Ila maji nayo hugonganisha mawe, kwa hiyo nundu moja si ushahidi. Mwaka 1939 Alfred Barnes alipima pembe kati ya uso uliopigwa na kovu la kibanzi. Mchongaji hutafuta pembe kali, chini ya digrii 90, maumbile hayachagui. Kwa kipimo cha Barnes, ili mawe yahesabiwe kuwa kazi ya mtu, pembe butu zisizidi robo, na hiyo ni robo ya mkusanyiko mzima: jiwe moja halipimiki hivyo. Mashoka ya mkono ya Isimila, karibu na Iringa, hayahitaji hesabu hii. Makovu yake yamefuatana pande zote mbili mpaka kwenye ncha.

Istilahi yangu ina pengo, nakiri. Mwaka 2016 watafiti walieleza tumbili wa Brazil wanaogonga jiwe kwa jiwe na kuangusha vibanzi vikali ambavyo hawavitumii. Mkono upo, nia ya kupata kibanzi haipo. Hiyo ni zana au mshabaha?

Jiwe la jirani lina kovu moja, pembe butu, na kingo zilizolainishwa na maji. Nilimwambia ni mshabaha. Akauliza jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo mimi: "Na yale mengine niliyoyaacha shimoni?" Tunakwenda kesho asubuhi, kabla fundi hajamwaga zege.